Uji Uliokataa Kugeuka

Ulezi ukianza kuota unanuka udongo. Siyo udongo mkavu wa barabarani, ni ule wa shambani asubuhi, umechanganyika na gunia bichi na pumzi za ndama. Nasema pumzi za ndama kwa sababu nyumbani kwetu, kwenye vilima vya juu ya Mbulu, kimea kililala na ndama. Baridi ya kwetu ya mwezi wa sita si ya kuitania. Mtu wa kule chini Katesh akiloweka ulezi leo, keshokutwa umeshatoa mizizi. Kwetu unaweza kukaa wiki nzima umenuna ndani ya gunia bila hata kupasuka. Kwa hiyo Bibi, mama yake baba, aliamua tangu zamani kwamba gunia la kimea litakaa kwenye chumba cha ndama, ambacho kilikuwa ndani ya nyumba hiyohiyo, upande wa pili wa jiko, ili lipate joto la wanyama. Mimi kitanda changu kiligusa ukuta ule, nikawa nazipata harufu zote mbili kwa pamoja, na mpaka leo siwezi kunusa moja bila kuikumbuka nyingine.

Kimea ni ulezi huo ukishaota, ukakaushwa juani na kusagwa. Ukikitia kwenye chungu cha uji mzito, uji unalainika, unakuwa mwepesi na mtamu bila kijiko hata kimoja cha sukari, na hiyo ndiyo togwa. Sisi tuliinywa na makande. Chakula chetu cha sherehe siku zile hakikuwa pilau. Pilau tuliiona kwa walimu waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine. Chetu kilikuwa makande ya mahindi mapya na maharage, yamechemka tangu alfajiri mpaka yamepasuka, yakaungwa kwa maziwa na samli. Makande ya namna hiyo hayana haraka. Yanashuka taratibu na yakifika yanakaa, na ndiyo maana yanataka togwa pembeni. Unakula vijiko vitatu, unapiga funda moja, unaendelea. Togwa ya Bibi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa na uchachu kidogo unaokuja mwishoni, wakati wewe unadhani umeshamaliza kumeza. Ilikuwa pia na sheria moja ambayo nyumbani kwetu haikuwahi kuvunjwa: aliyeitengeneza kwa mkono wake ndiye anayeonja kwanza, mbele ya watu wote, kabla kata ya kuchotea haijapita kwa mwingine. Mgeni alikuwa hainui kata mpaka amwone mwenye togwa yake amemeza.

Mama hakuzaliwa na utaalamu huo. Aliolewa kwetu akitokea Hirbadaw, Hanang, ambako jua linafanya nusu ya kazi ya mwanamke. Alikuwa akisimulia mwenyewe kwamba togwa yake ya kwanza ukweni ililala siku mbili ikiwa uji tu, na baba mkwe akaomba aletewe kijiko. Bibi hakumsema. Alimkalisha kwenye jiwe lake la kusagia, akamfundisha upya kana kwamba hajawahi kushika chungu. Akamwonyesha kwamba huku juu chungu cha togwa kinafunikwa blanketi kama mgonjwa, na mwaka ambao blanketi ni chache, watoto ndio wanaobanana. Akamwonyesha pia kiwiko. Unachota uji kwenye kibakuli, unazamisha kiwiko kitupu, unahesabu. Ukifika ishirini bila kukitoa, joto limefaa, tia kimea. Ukishindwa, subiri. Kidole ni mwongo, Bibi alisema, kimeshazoea moto wa jikoni. Kiwiko hakijazoea kitu.

Jiwe lenyewe lilikuwa pana, la kijivu, limebonyea katikati kama kitanda cha kamba cha siku nyingi. Mashine ya kusaga ilikuwepo sokoni, lakini unga wa mashine unatoka wa moto, na Bibi aliamini kwamba moto ule unakiua kimea. Kimea kilisagwa kwa jiwe au hakikusagwa kabisa. Sasa Bibi alipofariki, baada ya matanga kwisha, watu wakakaa kugawana vitu vyake, na vitu vyenyewe havikuwa vingi: kanga, vyungu, majembe mawili, na hilo jiwe. Bibi aliacha watoto wawili, baba yangu na dada yake mkubwa, Shangazi Tekla, aliyeolewa ng'ambo ya korongo, karibu kiasi kwamba tulikuwa tunaona moshi wa jiko lake. Shangazi akasema jiwe ni la mama yake, na kitu cha mama kinakwenda kwa binti. Mama akasema jiwe ni la nyumba, na yeye ndiye aliyemlisha na kumwogesha Bibi miaka miwili ya mwisho, sasa huyo binti alikuwa wapi. Baada ya hapo yalisemwa maneno mengine ambayo sitayaandika, kwa sababu walioyasema niliwapenda wote wawili. Shangazi alisimama mlangoni akafunga mazungumzo.

"Sitakunywa hata maji kwenye nyumba hii mpaka jiwe la mama yangu litoke."

Tulidhani ni hasira za msiba. Lakini Shangazi Tekla alikuwa mtu wa kushika neno lake mpaka linamuumiza mwenyewe. Baba alipougua kifua akalala wiki mbili, dada yake alikuja karibu kila siku kumwona, na kila siku alikuja na kidumu chake cha maji. Alikaa kwenye kigoda chetu, akamshika Baba mkono, akamkemea kwa kukaa kwenye upepo, na kiu ikimbana alifungua kidumu, akanywa, akakifunga. Mama akipita na chai, Shangazi anatazama pembeni. Baba alikuwa analala pale anawatazama wote wawili na nadhani alichelewa kupona kwa sababu hiyo. Akishaondoka Shangazi, Mama alikuwa akivuta jiwe na kusaga hata kama hakuna cha kusaga, na siku iliyofuata Shangazi alimwambia Baba kwamba amelisikia jiwe la mama yake likilia kutoka ng'ambo. Baba alisema ule ni upepo tu.

Mwaka ukaisha hivyo. Mwezi wa pili, kabla ya mvua kubwa, siku moja tulikuwa tunapalilia tukaona uani kwa Shangazi ametandika mkeka, na juu yake kuna kitu chekundu kimeanikwa. Mimi niliyekuwa na macho ya kitoto nilisema ni ulezi. Mama alisimama, akaweka mkono juu ya macho, akautazama mkeka ule muda mrefu kuliko kawaida.

"Ni kimea," alisema. "Sasa atakisagia nini?"

Akainama akaendelea kupalilia.

Mwezi wa sita mwaka huo nilikuwa na miaka tisa na nilitakiwa kupokea komunio ya kwanza, na mama yangu wa ubatizo alikuwa Shangazi Tekla. Hapo hapakuwa na pa kukwepa. Mama wa ubatizo anamsindikiza mtoto kanisani, anarudi naye nyumbani, anakaa naye mezani. Asipokula na kunywa siku hiyo, kila mtu aliyealikwa ataona, na ugomvi uliokuwa wa ndani utakuwa wa kijiji. Baba alimwambia Mama, nikiwepo, kwamba hii ndiyo nafasi na hakuna nyingine. Tekla akitoa kile kidumu chake mbele ya katekista, basi Baba ndiyo amempoteza dada yake. Mama alikwenda kuloweka ulezi. Nilielewa, hata kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba anatengeneza togwa ya Bibi, ileile, na kwamba anategemea binti wa Bibi atashindwa kuikataa.

Siku nane gunia lilikaa na ndama. Kila asubuhi nilitumwa kulipapasa, na kazi hiyo niliipenda, mkono unaingia kwenye ule uvuguvugu na mizizi midogo inakutekenya. Mizizi ilipokuwa na urefu wa kope Mama alisema imetosha, kwa sababu ukiiacha mpaka itoe jani, togwa inakuwa chungu. Tulikianika, tukakilinda na kuku, tukakiingiza ndani mawingu yalipokuja na kukitoa yalipoondoka. Alhamisi Mama alipiga magoti kwenye jiwe akasaga. Unga wa kimea una rangi ya matofali na unapanda puani kama ugoro. Aliukung'uta wote kwenye ungo na kusema tu kwamba Jumamosi tutapika uji.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kitubio, nikaziungama dhambi zangu zote, ambazo zilikuwa tatu na moja nilikuwa nimeiongeza ili zisionekane chache. Nilirudi nikiwa msafi mpaka nikaogopa kukohoa. Na kitandani lilikuwa linanisubiri gauni jeupe. Fundi wa Mbulu mjini alilishona na mikono mirefu ya kubana, ina vifungo vinne vinne kwenye vifundo, na Mama alikuwa amekataza lisiguswe mpaka Jumapili. Mchana Mama alimaliza uji, akakitua chungu kwenye sakafu ili uji upoe, na hapohapo Baba akaita kutoka zizini kwamba ng'ombe anazaa vibaya, miguu ya nyuma inatangulia. Mama akajifuta mikono.

"Regina, kaa na chungu. Unajua kiwiko?"

"Najua, Mama."

"Mpaka ishirini. Ukifika, tia kimea chote, koroga, funika. Usiharakishe."

Akatoka mbio. Mimi nilikaa na chungu kwa muda ambao niliuona ni mrefu sana, na pengine ulikuwa wa kuchemsha yai. Halafu nikafikiri kwamba kulijaribu gauni siyo kulivaa. Nikalivaa. Nikafunga vifungo vyote vinane, nikatembea kutoka mlangoni mpaka jikoni nikiwa nimekunja mikono kifuani kama nilivyofundishwa, nikageuka, nikarudi, nikafanya hivyo mara kadhaa, na kila mara nilikuwa mtakatifu zaidi. Nilipokumbuka uji niliona siwezi kupandisha ule mkono wa gauni ufike kwenye kiwiko. Ulikuwa unabana. Kuvua nako ni vifungo vinane, na Mama angeweza kuingia wakati wowote. Nikainama kwa mbali, nikanyoosha kidole, nikagusa uji juu. Ulikuwa na ngozi, ile ngozi inayojikunja uji ukitulia, na ngozi ilikuwa imepoa kabisa. Nikasema umefaa. Nikatia kimea chote, nikakoroga kwa mwiko mrefu nikiwa nimejitenga na chungu, na mvuke uliopanda kutoka chini ulinichoma usoni. Hapo nilijua. Nikafunika chungu, nikavua gauni, nikalilaza kitandani kama lilivyokuwa.

Mama alirudi na damu ya ng'ombe mpaka begani. Ndama alikuwa mzima. Akaniuliza kama nilitumia kiwiko. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nilifika ngapi, nikasema ishirini na mbili. Ile mbili niliiongeza mwenyewe. Akachukua blanketi langu akakiviringisha chungu, na nikalala nimejikunja na mdogo wangu Yona, nikisikiliza upande wa chungu kana kwamba kitasema.

Asubuhi chungu kilikuwa na uji. Mwiko ulisimama katikati bila kushikwa. Nilimwona Mama ameinama juu yake, akachota kidogo, akaonja. Kisha aliniangalia, nami nikaangalia miguu yangu. Nilingoja kofi. Nilitamani kofi, ili liishe. Mama akarudisha blanketi juu ya chungu polepole.

"Kavae," alisema. "Tutachelewa."

Sikumbuki chochote cha misa ile isipokuwa Shangazi Tekla, amesimama nyuma yangu na mkono wake mzito begani kwangu, na mimi napokea nikiwa na uongo wa kiwiko tumboni. Niliamini kabisa kwamba nitaanguka. Sikuanguka, na hilo lilinitisha zaidi. Tulirudi nyumbani kwa miguu, wageni wanaimba, Shangazi amenishika mkono, na kwenye kikapu chake, chini ya kanga mpya aliyoniletea zawadi, nilisikia maji ya kidumu yakicheza.

Wageni walikaa. Makande yalikuja yanafuka, samli inaelea juu. Shangazi alikula, na hilo tayari lilikuwa jambo, ingawa neno lake lilikuwa la kunywa tu. Alikula vijiko vitatu, vinne, na nikamwona anaanza kutafuta kikapu kwa mkono. Baba aliona pia. Aliacha kutafuna. Hapo ndipo Mama akatoka jikoni amebeba chungu, chungu kizima, akakiweka sakafuni mbele ya Shangazi na kufunua blanketi. Akachota kwa kata, akainua mbele ya watu kama sheria inavyotaka. Uji ukaning'inia kwenye ukingo wa kata haudondoki. Katekista akatazama pembeni kwa adabu. Mama akaonja, akameza, ikachukua muda.

"Togwa imekataa," alisema. "Mnisamehe."

Sikuweza kuvumilia. Nililia kwa sauti mbele ya wageni wote, nikasema ni mimi, nililivaa gauni, sikuweka kiwiko, niligusa ngozi ya juu kwa kidole, nikamdanganya Mama, na nimepokea komunio hivyohivyo. Nilisema yote kwa pumzi moja na makamasi. Kisha nikasikia kitu ambacho nyumba ile haikukisikia kwa zaidi ya mwaka mmoja, Shangazi Tekla anacheka.

"Ngozi ya juu," alisema. "Mimi nilifanya hivyohivyo kwa posa yangu. Mama alinichapa na mwiko wenye uji." Aliinama, akazamisha kidole kwenye chungu, akakilamba, na uso wake ukaacha kucheka. "Uji ni mzuri. Haujachachuka. Wifi, huna kimea kingine?"

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita Mama wifi tangu matanga.

"Kilitiwa chote," alisema Mama.

Shangazi alikitazama chungu, akatazama kona ambako jiwe lilikuwa, akakitazama chungu tena. Mtu yeyote aliyemfahamu aliona anapigana. Mwishowe alisema, kama anayemsema mtu mwingine, kwamba kwake kipo debe zima, kimekaa tangu mwezi wa pili, hakijasagwa. Ulezi ulifika wakati wake wa kulowekwa na mkono wake ukauloweka wenyewe, halafu hakuwa na pa kuusagia. Akasimama. Alishuka korongo na kupanda akiwa na viatu vya kanisani, na wageni waliendelea kula makande bila kunywa kitu, hata soda alizonunua Baba hakuna aliyeomba zifunguliwe. Watu walijua wanachokisubiri.

Alirudi na debe kichwani. Hakuuliza chochote, alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akapiga magoti, akaweka viganja vyake kwenye jiwe na kukaa hivyo kwanza. Baba alitoka nje. Shangazi akaanza kusaga, na alisaga vibaya mwanzoni, kimea kinaruka, mpaka Mama naye akapiga magoti upande wa pili akawa anamwagia kiganja kimoja kimoja na kukusanya unga. Kisha uji ukapashwa, ukatuliwa, na Mama akazamisha kiwiko. Akafika ishirini. Shangazi akazamisha chake, akafika kumi na tano, akasema bado. Mama akasema umefaa. Shangazi akasema wewe ngozi yako ya Hanang imezoea jua. Walibishana juu ya chungu kile kama watu waliokuwa wamebishana jana tu, na waliposhindwa kuelewana waliniita mimi, wakanipandisha mkono wa gauni jeupe kwa nguvu mpaka kifungo kikaruka, wakanizamisha kiwiko. Nilihesabu kwa sauti mpaka ishirini. Wakatia kimea.

Baada ya saa moja hivi mwiko ulianza kuzama. Ukikoroga unaona kabisa, ule uzito unaachia, uji unalegea, unang'aa, na harufu yake inageuka kutoka ya uji wa mgonjwa kuwa ya kitu cha sikukuu. Mama alichota kata ya kwanza. Nilidhani atakunywa, lakini alimnyooshea Shangazi.

"Kimea ni chako na umesaga wewe," alisema. "Onja wewe."

Sheria ilikuwa sheria. Wageni wote walikuwa wanamtazama, na wao wana kiu. Shangazi Tekla alishika kata kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, na machozi yakawa yanashuka bila yeye kuyajali. Kidumu kilibaki kwenye kikapu. Jioni Mama alimwambia achukue jiwe, Baba atampelekea na punda kesho.

"Likiwa kwangu," alisema Shangazi, "nitakuja kwako kufanya nini?"

Halikuhama. Kila msimu kwa miaka mingine zaidi ya ishirini alikuja na debe lake kusaga kwetu, na kila mara walibishana juu ya kiwiko.

Sasa Shangazi amelala karibu na mama yake, na mimi ni muuguzi Katesh, nina jiko la gesi na kabati lenye kimea cha pakiti, kimesagwa na mashine na kinafanya kazi vizuri tu, nisikisingizie. Togwa yangu inageuka kila mara. Wageni wanasema tamu, wanachukua soda. Vyombo ni vya plastiki na hakuna anayesubiri mtu aonje kwanza. Hata kugombana kumekuwa rahisi. Zamani mtu alihitaji kidumu na kupanda korongo ili uone kwamba amekasirika. Siku hizi anatoka kwenye grupu la familia na simu inakuandikia kwamba ametoka. Najua kwa sababu aliyetoka ni mimi. Mdogo wangu Yona anaishi nyumba ileile ya wazazi na mke wake Ester, wanakaa na Mama. Mwaka jana nilitaka kumchukua Mama aje Katesh, karibu na hospitali, kwa ajili ya magoti. Ester alisema mbele ya watu kwamba mimi namkumbuka mama yangu nikishapata gari la kumwonyesha. Nilitoka kwenye grupu. Niliendelea kwenda kumwona Mama, lakini nilikwenda na maji yangu ya dukani kwenye pochi, kwa sababu za kiafya, nilijiambia.

Mwezi wa sita uliopita nilikwenda Jumamosi, kesho yake binti wa Yona akipokea komunio. Mtoto anaitwa Tekla. Nilimwambia Mama shikamoo, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, nikatoa chupa, nikanywa, nikaifunga. Mama aliitazama ile chupa mpaka ikarudi kwenye pochi. Macho yake siku hizi yana ukungu, lakini hiyo aliiona.

"Unakumbuka uji wako?" aliuliza.

Nikasema nitausahau vipi.

"Kopo lilikuwa hapa." Akagonga mbao za kitanda. "Uvunguni. Limejaa kimea. Nilisaga Jumatano nikakiweka, na Alhamisi nikasaga kile ulichokiona. Bibi yako alinifundisha, huku kwenye baridi usiwe na kimea cha mara moja."

Ilinichukua muda. Nikamuuliza kama anataka kuniambia kwamba asubuhi ile angeweza kuurekebisha uji.

"Kabla hujaamka."

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Zaidi ya miaka thelathini nimebeba gauni lile. Nimelia mbele ya katekista. Nilimwambia hivyo, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa kumsemesha mama mzee, kwamba aliniacha nikapokea na uongo tumboni wakati dawa iko chini ya kitanda.

"Uongo ulikuwa wako," alisema Mama. "Mimi nilinyamaza tu. Nilikuwa nimeuona ule mkeka wake. Nikajua Tekla hawezi kuona uji wa mama yake umelala chunguni na yeye ana debe nyumbani."

"Na kama angekaa kimya?"

"Tungekunywa uji."

Alijilaza, akanigeuzia mgongo, kama mtu aliyemaliza kazi. Nilikaa pale. Kwenye begi langu kulikuwa na pakiti mbili za kimea kutoka Katesh, nilizozileta ili watu waone kwamba shangazi wa mtoto hakuja mikono mitupu. Nikazitoa, nikainama kwa shida, maana na mimi magoti yameanza, nikazisukuma uvunguni mpaka ukutani. Nikavua viatu, nikaenda jikoni. Ester alikuwa anapuliza moto chini ya chungu cha uji, akanitazama.

"Wifi," nilimwambia, "sijaleta kitu. Kimea kipo?"

Alifuta macho yaliyojaa moshi.

"Kipo. Hakijasagwa. Mashine imeharibika tangu jana."

Jiwe lilikuwa palepale konani, limebonyea zaidi. Nikapiga magoti. Ester alisita, kisha akaleta ungo, akapiga magoti upande wa pili, akanimwagia kiganja cha kwanza katikati. Nilisaga vibaya, kimea kikaruka, hakunicheka. Nilipochoka nikamwomba maji. Akanipa kwenye kikombe cha bati, nikanywa yote.